Begi la mgongoni kwa safari ya miezi mitano: lita 40 zinatosha

Swali: Nina miaka 27, naishi Dar. Mwanzoni mwa Julai naanza safari ya miezi mitano kwa basi: Mbeya, Sumbawanga, Kigoma, Mwanza, Bukoba, Kampala, Kigali, kurudi Kampala, halafu Nairobi, Mombasa, Tanga na nyumbani. Nina urefu wa sm 158 na uzito wa kilo 54. Rafiki yangu ananiambia ninunue begi la lita 75 kwa kuwa safari ni ndefu. Soko la Karume nimeona mabegi mazuri ya mtumba, na madukani yapo mapya. Nichukue lipi, na nilipange vipi?

Jibu: Lita 75 achana nazo, dada. Urefu wa safari hauongezi nguo. Miezi mitano ni wiki moja inayorudiwa mara ishirini na moja: unavaa, unafua, unaanika, unaanza tena. Anayekwenda wiki mbili na anayekwenda mwaka hubeba nguo zilezile. Wa mwaka huzidisha dawa kidogo na karatasi, basi. Mabegi ya lita 75 yalitengenezwa kwa watu wanaobeba hema, jiko na chakula cha siku kadhaa. Hata kwenye Kilimanjaro mpandaji mwenyewe hupanda na kibegi cha lita 25 au 30, lile kubwa liko kwa mpagazi. Wewe hutakuwa na mpagazi.

Anza na mwili wako. Mzigo usiochosha ni kama asilimia 15 ya uzito wa mtu, yaani kilo 8 kwako. Asilimia 20, karibu kilo 11, ndiyo mwisho. Lenga kilo 9 pamoja na begi lenyewe, maji nje ya hesabu, maana lita moja ya maji ni kilo moja nyingine. Begi la lita 75 likiwa tupu huwa na kilo 2 hadi 2.5. Hujatia hata soksi, robo ya mzigo imekwisha. La lita 40 huwa na kilo 1.2 hadi 1.6. Tena begi kubwa halikubali kubaki na nafasi: utaona pengo, utatia jinzi ya pili.

Sababu ya pili ni bodaboda. Kutoka stendi hadi gesti, mara nyingi utapanda pikipiki. Begi la lita 40 dereva hulipakata mbele juu ya tangi, mikono yake ikalizunguka, nawe ukakaa huru nyuma. Lita 75 halikai pale, linamzuia kukata kona, kwa hiyo unabaki nalo mgongoni, limekupita kichwa, na kila anapoondoka kwa kasi linakuvuta nyuma. Ukiwa huna budi kulibeba mgongoni kwenye boda, funga mkanda wa kiunoni na uchomeke ncha zote za mikanda. Ncha inayoning'inia huingia kwenye spoku au hulala juu ya ekzosi. Nailoni huyeyuka kwa sekunde chache, na kilichoyeyuka hakishoneki.

Sasa kipimo ambacho wauzaji wengi hawakuulizi: urefu wa mgongo. Chukua futi ya fundi cherehani na mtu wa kukusaidia. Inamisha kichwa, chini ya shingo kuna mfupa unaotokeza kuliko yote, hapo ndipo pa kuanzia. Kisha shika kiuno, vidole mbele, gumba nyuma, viganja vikikaa juu ya mifupa ya nyonga. Mstari unaounganisha magumba mawili ndio mwisho. Pima kwa kufuata mkunjo wa uti wa mgongo, usivute futi ikanyooka hewani. Watu wawili wenye sm 158 wanaweza kutofautiana sm 5 hapo, kwa hiyo usikubali kuambiwa "wewe mfupi, chukua dogo". Urefu huo ndio unaotakiwa kati ya pale mikanda ya bega inapoota kwenye begi na katikati ya mkanda wa kiunoni. Mabegi mengi huwa na saizi za mgongo, au ngazi za kupandisha na kushusha mikanda ya bega. Lenye ngazi ni salama zaidi kwa mnunuzi wa mtumba, kwa sababu halikuchagui.

Usijaribu begi tupu. Begi tupu linamkaa kila mtu. Tia pakiti nne za unga za kilo mbili, zizungushie nguo zisicheze, legeza mikanda yote, vaa. Funga kwanza mkanda wa kiunoni: katikati yake ikae juu ya ncha ya mfupa wa nyonga, si tumboni. Kaza. Ndipo ukaze mikanda ya bega mpaka iguse bega lote bila kulibana, halafu vile vikanda vidogo vya juu ya bega kama vipo, mwisho mkanda wa kifuani, chini kidogo ya mtulinga. Legeza tena mikanda ya bega kidogo. Begi likibaki palepale, uzito uko kiunoni, ndiko unakotakiwa kuwa. Likiporomoka, au ukiona mwanya unaoingia vidole kati ya mkanda na bega, mgongo wa begi ni mrefu kwako. Mkanda wa kiunoni ukipanda hadi kwenye mbavu, ni mfupi. Tembea nalo dakika kumi, mama muuza akusubiri; akikasirika, kuna kibanda kingine.

Kuhusu mfunguo, kuna mabegi yanayofunguka juu kwa kamba, na yanayofunguka mbele kwa zipu kama sanduku. La kamba ni gumu kuharibika, lakini sweta likiwa chini utamwaga kila kitu kitandani kila jioni. Kwa safari ya mabasi na gesti chukua la zipu, ila ujue umeweka maisha ya begi kwenye zipu hiyo. Geuza kichwa cha zipu uangalie nyuma yake: mara nyingi kuna namba. Mfuko mkuu uwe na namba 8 au 10. Namba 5 ni ya mifuko midogo. Ifungue na kuifunga mara ishirini, hasa kwenye kona, begi likiwa limejaa.

Zipu hufa hivi. Vumbi huingia kwenye meno, kichwa kinasaga vumbi hilo huku na huku, na taratibu kinajipanua. Siku moja kinapita lakini meno nyuma yake hayashikani. Watu husema zipu imekufa, kumbe meno ni mazima. Chukua plaizi, bana mashavu ya kichwa upande wa nyuma, kulia kidogo, kushoto kidogo, ujaribu. Ukibana kwa nguvu mara moja kinapasuka, na hapo ndipo unapohitaji fundi. Kuzuia ni rahisi: mswaki mkavu kila baada ya barabara ya vumbi, kisha sugua mshumaa kwenye meno. Usitie mafuta ya kupikia wala ya nazi, yanakamata vumbi.

Mtumba au jipya? Mtumba mzuri unaushinda upya wa bei rahisi mara nyingi, ila ukague hivi. Ingiza mkono ndani, sugua kitambaa kwa kidole. Ndani ya mabegi ya nailoni kuna utando unaozuia maji, nao huzeeka ukikaa kwenye joto na unyevu. Ukinata, ukibanduka kama magamba au ukitoa harufu kama ya matapishi, rudisha. Hakuna fundi wa kuurejesha, na magamba yatahamia kwenye nguo zako. Bonyeza sponji ya mkanda wa kiunoni kwa kidole gumba uachie: ikirudi polepole, bado inaishi; ikibaki na shimo, imekwisha. Tazama mizizi ya mikanda ya bega, juu na chini. Mshono unaotakiwa ni wa mraba wenye msalaba ndani, au ushonaji mzito wa kwenda na kurudi. Mstari mmoja wa uzi hautafika Sumbawanga. Mshono uliolegea fundi viatu anauimarisha kwa uzi wa nailoni kwa muda wa kunywa soda, hivyo usiache begi zuri kwa hilo peke yake. Klipu iliyokatika pia si neno, mafundi mabegi wanazo. Sikiliza tu zilizobaki: klipu nzima hutoa mlio mkali, ikifunga kimya, meno yake yamelika. Mwisho kunja begi kwa mikono miwili: kama mgongoni kuna ubao wa plastiki au fimbo ya alumini, iwe haijavunjika.

Kabla ya kuzungumza upangaji, kuna kitu cha kununua sokoni ambacho kitalinda begi kuliko mfuniko wowote wa dukani: kiroba. Chukua kile cha nafaka cha kilo 100, kilichofumwa. Kwenye buti la basi begi lako litalala na ndoo za dagaa, mikungu ya ndizi na betri inayovuja, na chini kuna vumbi lililokaa tangu basi linunuliwe. Ingiza begi zima, mikanda imekunjwa, funga mdomo kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, andika jina na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito pande mbili. Ndoano hazitakamata mikanda. Na jicho la mwizi linaona mahindi. Kiroba hicho ni kama gramu 150, ukifika unakikung'uta na kukikunja chini ya begi. Mwambie utingo unashukia wapi kabla hajakipakia, uone kimeingia upande gani, na dai stakabadhi ya mzigo.

Mvua ni jambo lingine. Mfuniko wa nje hauzuii maji yanayopita mgongoni, na upepo huuondoa. Kinga iwe ndani. Zamani watu walitumia rambo kubwa. Leo rambo zitakuletea maneno mpakani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ni marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, Kenya tangu 28 Agosti 2017, na Rwanda tangu 2008, na huko Gatuna, mpakani mwa Uganda na Rwanda, wanaweza kukufungulia begi na kuitoa. Mpe fundi nailoni yenye utando au turubai jepesi akushonee mfuko wenye mzunguko wa sm 110 na kimo cha sm 90. Unaingia ndani ya begi, nguo zote zinaingia ndani yake, mdomo unaviringishwa mara tatu kisha unafungwa. Mishono apake gundi ya viatu, la sivyo maji yatapita kwenye matundu ya sindano.

Fundi huyohuyo akushonee vifuko vitatu vya kitambaa chepesi chenye zipu, sm 30 kwa 20 kwa 10. Kila kimoja ni lita 6. Kimoja cha nguo za juu, kimoja cha chini, kimoja cha ndani na soksi. Viringisha nguo badala ya kuzikunja bapa. Nafasi unayookoa si kubwa kama watu wanavyodai, faida ni kwamba unaona kila kitu bila kuvuruga.

Nguo zenyewe zisizidi kilo 3: suruali mbili nyepesi na sketi moja, fulana nne, blauzi moja ya mikono mirefu, dera, suruali ya kulalia, nguo za ndani sita, sidiria tatu, soksi jozi tatu. Dera si urembo; gesti nyingi za bei nafuu bafu liko uani, na kupita mbele ya wageni wengine umevaa taulo utachoka nako siku ya kwanza. Jinzi iache Dar. Ina gramu 600 na zaidi, na Bukoba, ambako mvua haina adabu, itakaa kwenye kamba siku mbili na bado kiuno kitakuwa kibichi. Taulo pia iache: doti ya kanga inatosha, kipande kimoja cha kujifutia, kingine shuka, pazia, mtandio, kifuko cha sokoni. Hukauka kabla chai haijapoa.

Watu wa Pwani hukosea zaidi kwenye baridi. Julai usiku Mbeya huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na Kabale (Uganda, njiani kwenda Kigali) na Nairobi si mzaha. Usibebe jaketi nene la mtumba linalomeza lita 8. Beba sweta moja la sufu au flisi na koti la mvua lisilopitisha upepo, vivaliwe pamoja, na kofia ya kuvuta. Vyote vitatu havifiki kilo moja, na koti hilo utalihitaji tena kwa mvua za Kampala mwezi wa Oktoba na vuli ya Tanga. Viatu: jozi moja ya kufunga, uivae, ndala ndizo ziingie begini.

Umeme, kwa haraka. Tanzania, Uganda na Kenya hutumia plagi ileile ya miguu mitatu bapa. Rwanda ni ya pini za duara, kwa hiyo beba adapta moja. Pawabenki ya mAh 10,000 inatosha. Ya 20,000 ni uzito wa bure kwenye njia yenye umeme. Ukilazimika kurudi kwa ndege, pawabenki haiingii kwenye mzigo wa buti, inakwenda nawe kwenye kabini. Kisu kiache kabisa, ukipanda treni ya SGR ya Nairobi hadi Mombasa mizigo inapitishwa kwenye mashine na kitabaki stesheni. Sabuni ya kipande badala ya chupa, dawa ya meno ndogo, pedi pakiti moja tu kwa sababu duka lipo kila mtaa. Chandarua usibebe. Gesti nyingi zinavyo, tatizo ni matundu. Sindano na uzi mweusi vina gramu 10 na vinaziba tundu kwa dakika tano, na vitashona na begi pia.

Kupanga sasa. Chini kabisa weka usivyovitaka njiani: ndala, kifuko cha nguo za chini. Vizito (chaja, sabuni, daftari, kifuko cha dawa) vikae katikati ya kimo, vikigusa mgongo wako. Vikikaa mbali na mgongo, begi linakuvuta nyuma nawe unainama kulifidia; ukiinama saa moja kiuno kitakwambia. Vikikaa juu sana, utayumba ukishuka ngazi za basi. Vyepesi vijaze upande wa nje. Sweta na koti juu ya vyote. Pande mbili zilingane: ning'iniza begi kwa kishikio chake cha juu, likipinda kulia, hamisha kitu. Nje pasining'inie kitu chochote, si kikombe wala ndala. Mlango wa daladala hauna huruma.

Ila kwa basi la usiku, sheria ya "juu ya begi" haikusaidii, maana begi liko butini. Kila utakachokitaka kabla ya asubuhi kiingie kwenye kibegi cha mapajani cha lita 8 hadi 10: pasipoti, kadi ya njano, hela, simu, dawa, kanga, sweta, maji, karatasi ya chooni. Kibegi hicho kisipande kwenye rafu ya juu hata ukisinzia. Pitisha mkanda wake mguuni. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 ni ya maisha yote, kwa hiyo chanja Juni, usingoje mpakani Mutukula. Hela zigawe sehemu tatu, na moja kati yake isiwe kwenye kibegi. Kufuli dogo kwenye begi kubwa ni la kumzuia mdokozi tu. Mtu mwenye kalamu ya kawaida huchoma meno ya zipu katikati, akatoa anachotaka, kisha akavuta vichwa vyote viwili na kufuli lake vikapita na kuifunga tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo kwenye begi la buti pawe na vitu ambavyo ukivikosa utaumia siku moja, si safari nzima.

Siku nne kabla ya kuondoka pakia kila kitu na upime kwa mizani ya ndoano ya muuza samaki. Ikizidi kilo 9.5, toa kitu kizima. Kukata mpini wa mswaki hakusaidii. Kisha vaa viatu vya safari, tembea saa moja, na upande ghorofa nne mara mbili. Bega likiuma, kaza kiuno. Nyonga zikichubuka, mkanda uko chini mno.

Ukifika Mbeya, kaa siku mbili tatu, mwaga begi lote kitandani. Ambacho hujakigusa, ukiacha dawa, koti la mvua na adapta, kifunge kwenye boksi ukitume Dar kwa basi, na umpe namba ya basi atakayekwenda kulipokea.